Kutoka Mbeya Hadi Iringa na Filamu Nne za Tuzo: Siku kwa Siku

Mzigo: Noah moja yenye keria, mabomba sita ya chuma, turubai jeupe la mita 4 kwa 2.25, projekta ya lumeni 5,000, spika mbili za inchi 15, miksa ndogo, jenereta ya petroli ya kVA 2.5, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na kompyuta mbili. Filamu ni nne. Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya ilianzia tamasha la Berlin 2018, na jopo la watoto likaitaja kwa heshima. I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni ilipita Cannes 2017, kisha ikachukua BAFTA, tuzo ya Uingereza, ya filamu ya kwanza ya mtengenezaji. The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed ilitwaa Étalon d'or, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO, kule Ouagadougou mwaka 2021. Ya nne ni This Is Not a Burial, It's a Resurrection ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho, iliyopata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la Sundance 2020.

Zote nne zilichanganywa sauti na kupangwa rangi kwa ajili ya ukumbi wenye giza na watu waliokaa kimya. Nyanda za Juu Kusini mwishoni mwa Juni kuna upepo, baridi, malori na bati. Kazi ya wiki hii ni kuziba pengo hilo.

Siku ya kwanza: Mbeya

Asubuhi nzima imeishia kwenye faili. Filamu ikitoka tamashani huja kwa sura tatu. Kuna DCP, ile ya majumba ya sinema: diski iliyofomatiwa kwa mfumo wa Linux, ambayo ukiichomeka kwenye kompyuta ya Windows inakuuliza kama uifomati. Ukibonyeza ndiyo, umeifuta filamu ya watu. Hata ikisomeka, mara nyingi imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaoitambua mashine ya ukumbi mmoja tu, kwa tarehe na saa zilizowekwa. Kuna ProRes, safi lakini nzito: dakika 100 za ukubwa wa 1080 zinafika GB 130 hivi, na kompyuta ya kawaida huanza kukwamakwama. Ya kuomba tangu barua ya kwanza ni MP4 ya H.264, megabiti 12 hadi 15 kwa sekunde. Filamu ya saa mbili inakaa kwenye GB 11 hadi 14.

Flashi nyingi za dukani zimefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Kunakili kunagoma, mtu anadhani kauziwa flashi feki, anarudi dukani kugombana. Ifomati kwa exFAT, basi. Nakala ziwe mbili, katika diski mbili, kwenye mabegi mawili yasiyokaa pamoja.

Nakala yenye maandishi yaliyokatiza katikati ya picha ni ya waandaaji kutazamia, si ya kuonyeshea umma. Kulipia filamu mtandaoni nako hakukupi haki ya kuitundika uwanjani, hata usipotoza kiingilio. Msambazaji huuliza mahali, tarehe, makadirio ya watazamaji na kiingilio, kisha anataja bei. Nchini kwetu Tanzania kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976: filamu inakaguliwa na Bodi ya Filamu na kupewa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Barua ya kibali inatolewa kopi nyingi, maana afisa utamaduni wa wilaya, mtendaji wa kata na polisi kila mmoja atataka yake. Anayefika Makambako na kopi moja atatafuta duka la kutoa kopi kabla ya kutafuta kiwanja.

Mchana ilikuwa zamu ya sauti. Filamu za matamasha huja na sauti ya njia sita, na mazungumzo yamewekwa karibu yote kwenye njia ya katikati. Ukichukua waya wa kushoto na kulia tu ukaupeleka kwenye miksa, muziki unavuma na wahusika wanachezesha midomo. Ndivyo ilivyotokea kwa faili la The Gravedigger's Wife. Dawa ni mbili: omba nakala yenye sauti ya stereo iliyokwisha kuchanganywa, au kwenye programu ya kuchezea chagua stereo, ili njia ya katikati igawanywe pande zote mbili. Baada ya hapo weka kompresa, ile inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kiasi cha tatu kwa moja. Mnong'ono unaosikika vizuri ukumbini Berlin, uwanjani Uyole unamezwa na bodaboda ya kwanza.

Jioni, Supa Modo kwenye uwanja wa shule. Imechaguliwa ya kwanza kwa makusudi: Kiswahili kimo ndani yake, ina dakika 74, na kikosi kinaweza kushughulika na vyombo badala ya tafsiri. Juni jua la Mbeya huzama karibu saa 12 na nusu, na picha inaanza kukolea saa 1 inapokaribia. Watoto walikuwa wamekaa tangu saa 11.

Hapa kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Mwanga wa sinema ya kawaida unahitaji lumeni 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Turubai hili ni mita 9 za mraba, yaani lumeni 1,400 zinatosha kwenye giza totoro. Kwa nini basi projekta ya 5,000? Kwa sababu taa yake ikizeeka hupoteza hata nusu, na kwa sababu giza totoro mjini halipo. Mbalamwezi haina madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Tyubulaiti moja ya duka inayotazama turubai ni mbaya kuliko mwezi mpevu. Mwenye duka akiombwa kwa heshima, tena mapema, huizima au huigeuza. Akiombwa filamu ikishaanza, huongeza ya pili.

Siku ya pili: Tukuyu

Kilomita 70 hivi kusini, barabara inazunguka Mlima Rungwe, migomba na chai pande zote. Juni si mwezi wake mkuu wa mvua, lakini Tukuyu haina likizo. Manyunyu yalianza saa 9, tukahamia ukumbini.

Ukumbi ukiwa na bati bila dari, mvua ikikaza hakuna spika inayoshinda. Kuongeza sauti kunazidisha mwangwi tu. Kinachosaidia ni kuzishusha spika kutoka jukwaani na kuzisogeza hadi theluthi ya ukumbi, zikitazama watu kwa karibu, na kupunguza besi. Maneno ya binadamu hayakai kwenye besi. Mapazia, mikeka na makoti ya watazamaji wenyewe hunywa mwangwi. Ukumbi mtupu wakati wa majaribio hudanganya.

Lenzi nayo ilipata ukungu. Projekta imetoka garini ikiwa baridi, ikafunguliwa kwenye ukumbi wenye joto la watu na hewa iliyojaa unyevu. Usiifute. Kitambaa kinaacha michirizi, na ukungu unarudi. Iache dakika 30 ikiwa haijawashwa, begi limefunguliwa nusu, ifikie hali ya chumba.

Filamu ya Tukuyu ni I Am Not a Witch: Shula, mtoto wa kike anayetuhumiwa uchawi, anapelekwa kambi ambako wanawake wamefungwa utepe mrefu mweupe mgongoni wasipate kuruka. Kibemba kimo, na kwa watu wenye ndugu au biashara upande wa Tunduma hicho si kigeni masikioni. Wengine wote wanamtegemea mfasiri.

Tafsiri ya filamu hizi ina njia mbili. Ya maandishi ya chini ni ya heshima zaidi kwa filamu, nayo ina mitego yake. Faili la maandishi likitengenezwa kwa nakala ya picha 25 kwa sekunde, na filamu yako inakwenda 24, mwanzo utaona yanalingana vizuri. Baada ya saa moja maneno yanatangulia midomo kwa karibu dakika mbili na nusu. Ndiyo maana kuangalia dakika tano za mwanzo si jaribio. Ruka hadi dakika ya 60 uangalie hapo. Kiswahili pia kinachukua nafasi: mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40, na ikibidi punguza maneno kuliko kupunguza ukubwa wa herufi. Na kwa kuwa watu wa mbele wanasimama, wanabeba watoto mabegani, wanavaa kofia, yapandishe maandishi juu ya picha. Hakuna sheria inayosema yakae chini.

Njia ya pili ni sauti, ile iliyozoeleka kwenye vibanda umiza, iliyompa jina Lufufu, mfasiri maarufu wa filamu. Mfasiri wa namna hiyo huongeza utani, huwapa wahusika majina ya mtaani, na kwa filamu ya mapigano inanoga. Kwa Nyoni inaharibu, maana filamu yenyewe ni kejeli: mtazamaji anatakiwa asijue kama acheke au akasirike. Mfasiri akicheka kwanza, amewaamulia. Utaratibu uliokwenda vizuri: mfasiri ameitazama filamu mara tatu, ana karatasi yenye dakika na maneno ya kila mhusika, anakaa pembeni akiiona picha kwenye kompyuta ya pili, na anasema baada ya mhusika, si juu yake. Fundi wa miksa anashusha filamu kwa desibeli 10 hivi mfasiri anapofungua mdomo, anairudisha anapofunga. Kazi hiyo inachosha mkono. Baada ya dakika 45 wabadilishane.

Mama mmoja wa makamo aliuliza mwishoni, bila kuzunguka: "Sasa mwanangu, hao walioufunga huo utepe, wao walifungwa na nani?" Mazungumzo yakachukua muda kuliko ilivyopangwa. Kwa filamu hii, dakika 30 za mazungumzo ziwemo kwenye kibali na kwenye petroli.

Siku ya tatu: Chimala, Igawa, Makambako

Kilomita 170 hivi kutoka Mbeya. Bonde la Usangu linaonekana kushoto, joto linapanda Igurusi na Chimala, kisha gari linapandisha tena na baridi inarudi. Mabomba kwenye keria yafungwe upya Igawa; barabara yenye malori ya Zambia inalegeza kamba yoyote.

Makambako ni njia panda ya barabara na stesheni ya TAZARA, na upepo wake unajulikana. Ngome Kongwe kule Unguja, ambako ZIFF imezoea kuonyesha filamu mahali pa wazi, kuta za mawe hukinga. Hapa hapana ukuta. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unalisukuma turubai la mita 9 za mraba kwa nguvu ya kilo 50 hivi, sawa na mfuko wa saruji. Ukiongezeka mara mbili, mfuko unakuwa minne. Watu huliona tanga likivimba wakafikiri tatizo ni picha kucheza. Tatizo ni nguzo kumwangukia mtu.

Turubai lina ringi kila sentimita 30, jumla 42. Usilifunge kwenye bomba kwa kamba moja kwa moja. Tumia vipande vya tyubu ya baiskeli, upana wa sentimita 3, kila ringi na chake. Upepo ukipiga, mpira unavutika. Ukipiga sana, mpira unakatika kabla ya kitambaa kuchanika au nguzo kupinda. Tyubu tatu zilitosha, na vipande 10 vya akiba vilikuwa mfukoni. Kila nguzo ina kamba mbili mbele na mbili nyuma, zimeshuka nyuzi 45, kwenye vigingi vya chuma vya sentimita 60 vilivyolazwa kuelekea nje. Pale ardhi ilipokuwa ya kokoto vigingi havikushika, yakaja magunia ya mchanga, mawili kila kamba. Turubai liligeuzwa ili upepo uje kwa ubavu wake.

Usiku huo vipande saba vilikatika. Nguzo hazikusogea.

The Gravedigger's Wife, dakika 82, inaanza na wanaume wenye makoleo nje ya hospitali wakisubiri maiti. Mchimba makaburi Guled anatafuta hela za upasuaji wa figo wa mkewe Nasra, huko Djibouti. Madereva wa malori walisimama nyuma, wengi wao wakijua njia ya bandari na bei ya hospitali. Kisomali chote, hivyo mfasiri tena. Lori lilipopita barabarani mfasiri alinyamaza, akasubiri, akafupisha. Kushindana na breki za upepo ni kupoteza sauti ya kesho.

Jenereta ilikaa mita 30 nyuma ya kibanda cha matofali, upande ambao upepo unavuma kutoka kwa watu kwenda kwake, moshi usije kwa watazamaji. Waya ni wa milimita 2.5 za mraba, umekunjuliwa wote. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki kuyeyuka. Hilo ni kosa linalochoma vyombo.

Siku ya nne: Njombe

Kilomita 60 tu, lakini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Juni asubuhi nyasi zina barafu. Urefu huo unagusa vitu viwili.

Cha kwanza ni jenereta. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Yenye wati 2,200 pwani inabaki na 1,750 hivi hapa. Mzigo wetu: projekta 400, spika mbili hadi 600 zikivuma, kompyuta mbili 150, miksa na taa 50. Jumla 1,200, inatosha. Aliyetaka kuchomekea birika la chai la wati 2,000 alikataliwa kwa upole. Kabureta iliyorekebishwa pwani pia hulisha petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, injini inakohoa. Plagi ya akiba na spana yake vikae kwenye begi la nyaya, si chini ya viti.

Cha pili ni projekta, na hapa ndipo wajuzi hukwama. Filamu ilikuwa Supa Modo tena. Dakika ya 22, Jo, mtoto aliye mhusika mkuu, yuko katikati ya mchezo, picha ikazimika na taa nyekundu ya joto ikawaka. Nje kuna baridi ya kuvaa makoti mawili, kwa hiyo kila mtu aliangalia umeme. Umeme ulikuwa mzima. Hewa ya juu ni nyepesi, haibebi joto kama ya Dar es Salaam hata ikiwa baridi. Projekta nyingi zina mpangilio wa mwinuko, wa kuwashwa ukivuka mita 1,500, unaozungusha feni kwa kasi zaidi. Uliwashwa Mbeya, mtu aliyerudisha mipangilio ya kiwandani Makambako ili kurekebisha rangi akaufuta bila kujua. Ikisubiriwa dakika 15 ipoe, ikiwa bado imechomekwa kwenye UPS feni ifanye kazi yake, inarudi. Kuichomoa ikiwa ya moto ndiyo kuiua taa.

Feni ikienda kasi inanguruma. Isogeze mbali na watu: kwa lenzi hii, upana mara 1.5, yaani mita 6 kutoka kwenye turubai, na benchi la kwanza lianzie nyuma yake.

Njombe usiku wa Juni usionyeshe nje filamu ya zaidi ya dakika 80. Si suala la uvumilivu. Wazee na watoto wanaondoka, na wanaobaki wanahamia kwenye jiko la mkaa la muuza mahindi, wakiwa wameipa filamu mgongo.

Siku ya tano: Mafinga

Hakukuwa na onyesho. Turubai limefuliwa kwa maji baridi na sabuni kidogo, limeanikwa bila kukunjwa. Kichujio cha projekta kimetolewa: vumbi jekundu la kujaza kijiko. Plagi imepigwa brashi. Vipande vipya vya tyubu vimekatwa.

Siku ya sita: Iringa

"Kamwene," anaanza mlinzi wa ukumbi, kisha anataka kopi ya kibali. Kopi zilikuwa bado mbili.

This Is Not a Burial, It's a Resurrection imewekwa mwisho kwa sababu ndiyo ngumu kuliko zote: saa mbili, mwendo wa taratibu, Kisotho, ndani ya ukumbi. Mantoa, mjane wa miaka 80, amempoteza mwanawe wa mwisho aliyekuwa machimboni, anajiandaa kufa, na hapo anaambiwa makaburi ya kijiji yatafunikwa na maji ya bwawa. Kwa watu wa mkoa wenye Mtera, bwawa halihitaji maelezo. Mary Twala, aliyemcheza Mantoa, alifariki Julai 2020, miezi michache baada ya Sundance.

Picha yake ni karibu mraba, nne kwa tatu, kama televisheni za zamani. Ikitupwa kwenye turubai pana inaacha mapengo meusi kushoto na kulia, na kuna mtu lazima atakimbilia rimoti "kuijaza". Matokeo: bibi anakuwa mnene, milima inalala. Rimoti ilikaa mfukoni mwa fundi mmoja tu. Mapengo yenyewe yalifunikwa kwa vipande viwili vya kitambaa cheusi, nusu mita kila upande, na turubai likaonekana limekatwa kwa ajili ya filamu hiyo.

Mwanzoni mwa filamu msimulizi anapiga lesiba, ala ya Basotho ya uzi mmoja inayopulizwa mdomoni. Sauti yake inakwaruza, inatetema, kama waya mbovu wa spika. Msaidizi alikuwa ameshakiinamia kiunganishi cha miksa akitaka kukichomoa, akashikwa mkono. Atakayeionyesha filamu hii awaambie mafundi wake mapema.

Msimulizi huyo aliye ndani ya filamu ni faraja kwa mfasiri: anasema polepole, kwa mafumbo, na anaacha nafasi. Kiswahili kikaingia kwenye nafasi hizo bila kusukumana. Sehemu zisizo na maneno mfasiri alizima maiki kabisa, swichi chini, maana hata pumzi ya mtu ikipita kwenye spika ya inchi 15 inasikika ukumbi mzima.

Mzee wa mstari wa tatu alimgeukia jirani yake: "Huyu bibi anakaa na redio tu. Mwache." Akanyamaza hadi mwisho.

Giza la Iringa huja dakika chache kabla ya la Mbeya, jambo lisilo na maana ndani ya ukumbi, ila kwenye kufunga mizigo. Mabomba yalipanda keriani saa 4 usiku kwa tochi. Vigingi vilihesabiwa: 16 vilitoka Mbeya, 15 vipo, kimoja kiko Makambako chini ya kokoto. Taarifa kwa wasambazaji imeandikwa usiku uleule, mahali, tarehe na idadi ya watu kwa kila filamu, na faili zimefutwa kwenye diski zote mbili kama mkataba unavyodai. Petroli iliyobaki, lita 4.